Mkaguzi wa Mwisho Alikuwa Barabarani: Kutoka Safari Rally hadi Lori la Nyumbu

Mwaka 1985 Butiama ilikuwa na watu wawili kwenye kilele cha dola ya Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa anamalizia urais wake. Jenerali David Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1980. Mwaka huohuo, chini ya Wizara ya Ulinzi, lilianzishwa Shirika la Teknolojia ya Magari pale Kibaha, mkoani Pwani. Wananchi hawakuhangaika na jina refu. Waliliita Nyumbu, jina la mnyama ambaye watu wa Bunda wanamfahamu vizuri, maana hupita kwa makundi kwenye mbuga za Serengeti zinazoshuka hadi geti la Ndabaka. Shabaha ilikuwa Tanzania itengeneze gari lake yenyewe, lori litakalopita mahali ambapo malori ya kuagizwa yanakwama.

Anayetaka kujua kwa nini jambo hilo liliwekwa mikononi mwa jeshi aikumbuke Vita ya Kagera. Musuguri ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita ile ya 1978 na 1979. Jeshi halikuwa na magari ya kutosha, hivyo malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kutoka mikoa mbalimbali na kupelekwa mstari wa mbele. Msafara wa namna hiyo ni mateso kwa fundi: kila gari na kampuni yake, kila kampuni na nati zake, spea ya huyu haimfai yule. Na spea zenyewe zilikuwa adimu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Kwa Musoma na Tarime maana yake ilikuwa kwamba Kisumu, mji uliokuwa karibu kuliko Dar es Salaam, ulihama na kuwa mbali kuliko Ulaya.

Nyumbu lilizaliwa katika dhiki hiyo. Lakini hadithi ya gari zuri na gari bovu katika Afrika Mashariki haikuanzia Kibaha. Ilianza zaidi ya miaka 30 kabla, katika mashindano ambayo wengi wetu tuliyachukulia kuwa starehe za wenye nazo.

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wakoloni wa Nairobi walianzisha mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Inasimuliwa kwamba wazo lilitokana na maneno ya dereva mmoja, Neil Vincent, aliyemwambia binamu yake Eric Cecil kwamba kuzunguka uwanja uleule kutwa nzima kunamchosha. Yeye anataka aingie garini, avuke nusu ya Afrika na kurudi. Mashindano yakaitwa Coronation Safari, na kuanzia 1960 yakawa East African Safari Rally.

Kanuni za mwanzo zilikuwa za ajabu kidogo, na ndizo zilizoyafanya mashindano haya yawe na maana kuliko mbio tu. Magari yalipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Gari lilitakiwa liwe lilelile ambalo mteja angelinunua. Kwa hiyo aliyeshinda alikuwa amethibitisha jambo ambalo karani au mkulima yeyote mwenye akiba yake angependa kulijua kabla hajatoa fedha: gari la bei hii, lililoungwa kiwandani na watu wasiojua hata mvua ya masika ikoje, litafika?

Na masika hayakukosekana, kwa sababu kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka. Anayeijua mbuga nyeusi kati ya Lamadi na Bunda haitaji kuelezwa. Udongo ule wakati wa kiangazi ni mgumu na umepasuka. Ikinyesha saa mbili tu, unashika tairi na kulifanya donge, na dereva anageuza usukani bila gari kugeuka. Magari ya Safari yalipita kwenye udongo wa namna hiyo kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kisha yakapanda kwenye mawe, kisha kwenye vumbi laini linaloingia hadi ndani ya kabureta.

Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yalimaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na safari hii tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili waliotangulia ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404.

Mengine yalikufa nini? Wapo waliopinduka, wapo waliozama mtoni. Lakini sehemu kubwa ya maangamizi ilitokea kwenye maungio, na hapa nataka msomaji ainame nami chini ya gari. Bodi ya gari dogo si chuma kimoja. Ni mabati mengi yaliyopindwa na kushikizwa kwa nukta za kuchomelea, nukta hapa, nafasi, nukta pale. Kwenye lami nukta zinatosha. Kwenye barabara yenye makorongo, shokapu inapiga mahali pale iliposhikizwa mara maelfu kwa siku. Nukta moja ikiwa haikushika vizuri kiwandani, kwa sababu umeme ulishuka au mfanyakazi aliharakisha, mzigo wake unahamia kwa jirani. Jirani naye anaachia. Bati linaanza kufunguka taratibu, rangi inapasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, na dereva asiyekagua ataambiwa habari hiyo na kishindo. Ndiyo maana timu za Safari zilikuwa zikilivua gari jipya kila kitu, zikachomelea upya mstari mzima pale ambapo kiwanda kiliweka nukta, zikaongeza vibati vya kuimarisha sehemu zinazobeba shokapu na springi, kisha zikarudisha nati moja moja. Gari jipya kabisa, halijatembea, linafumuliwa. Hukumu kali kuliko hiyo juu ya kiwanda siijui.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Volvo. Mwaka 1964 kampuni hiyo ya Sweden ilileta Safari magari yake aina ya PV544, na hayakufua dafu. Moja likauzwa hapahapa Afrika Mashariki. Aliyelichukua ni Joginder Singh, Mkenya wa jamii ya Kalasinga, fundi aliyelelewa katika gereji ya baba yake na ambaye 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari kuzunguka barabarani kuokoa walioharibikiwa. Yaani riziki yake ilikuwa kuona jinsi magari ya kila kampuni yanavyovunjika. Alilikongoroa lile Volvo kuukuu, akalisuka upya yeye mwenyewe, na Pasaka ya 1965 akiwa na mdogo wake Jaswant akashinda kwa kumwacha aliyemfuata zaidi ya saa moja na nusu. Gari lilelile lililoshindwa mikononi mwa kampuni lilishinda mikononi mwa fundi. Joginder alikuja kushinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer.

Tanzania nayo ina sehemu yake, ingawa siku hizi haitajwi sana. Mwaka 1966 na 1967 mfululizo, Safari ilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva kutoka Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Hapo ndipo jina la Peugeot lilipoota mizizi katika nchi hizi. 404 halikuwa gari la majivuno. Propela yake ilifunikwa ndani ya bomba la chuma, mbali na matope na mawe. Shokapu zake Peugeot walizitengeneza wenyewe badala ya kununua kwa wengine, na ninaamini hilo ni sehemu kubwa ya siri yake: kampuni inayotengeneza shokapu zake haina wa kumlaumu zikifa, kwa hiyo inazikagua. Ndugu yake mdogo, 504, alikuja kuwa teksi na gari la abiria la nusu ya Afrika.

Wajapani walikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1950 mtakwimu wa Kimarekani, W. Edwards Deming, alialikwa Japani kufundisha viwanda namna ya kutumia hesabu kugundua kasoro wakati kazi inaendelea, badala ya kuzisubiri mwisho wa mstari. Wajapani walimsikiliza kuliko alivyosikilizwa kwao, na 1951 wakaanzisha tuzo kwa jina lake. Nissan iliipata 1960. Miaka mitatu baadaye, kampuni hiyohiyo yenye tuzo ya ubora ilileta magari yake ya Datsun kwenye Safari, mwaka ule wa magari 7, na ikavuna aibu.

Hawakukata tamaa wala hawakusema barabara ndiyo mbaya. Walirudi na wahandisi wenye madaftari. Kila kilichovunjika kilifungwa, kikapelekwa Japani. Mwaka 1966 wakapata ushindi wa kundi lao. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, na Hans Schüller waliwapa ushindi wa jumla kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata Herrmann alishinda tena, sasa kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye pua ndefu na viti viwili, ambalo mtu wa busara asingelipeleka hata Kiabakari wakati wa mvua. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye kwa 240Z. Mehta akashinda 1973 na gari hilohilo, na baadaye akashinda mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa bado na Datsun.

240Z lina somo lake. Lilipoingia sokoni lilikuwa la kasi, zuri, na bei yake iliwashangaza waliozoea magari ya michezo ya Ulaya. Lakini matoleo ya mwanzo yalikuwa na mtetemo wa injini ulioamka kwenye mizunguko fulani, na kiwanda kikalazimika kubadili krenkishafti. Hakuna mteja wa kawaida ambaye angelishikilia gari kwenye mizunguko hiyo usiku kucha. Dereva wa mashindano analishikilia. Gari la kasi halina mahali pa kuficha kosa la kiwandani: nati iliyokazwa nusu, ambayo kwenye gari la padri ingekaa miaka 10, hapa inaachia kabla ya mapambazuko.

Miaka ya 1980 ikaleta magari ya nguvu za kutisha. Kanuni za kundi lililoitwa B ziliruhusu kampuni kutengeneza magari 200 tu ya aina moja na kuingia mashindanoni, kwa hiyo yalisukwa karibu kwa mkono. Audi Quattro, Lancia 037 na Peugeot 205 T16 yalitamba Ulaya. Safari haikuchukuliwa na hata moja kati ya hayo. Ilichukuliwa 1984, 1985 na 1986 na Toyota Celica, lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Helikopta zilikuwa juu, mafundi wamejaa kila kona, na bado aliyefika ni yule aliyeungwa vizuri.

Kufikia wakati huo Safari ilikuwa imeshatuacha. Kuanzia 1974 njia zake zilibaki Kenya peke yake. Tanzania ikabaki na barabara zile zile, bila kamera.

Ukaguzi, hata hivyo, haukukoma. Ulihamia chini ya miembe. Nenda hata leo kwenye gereji zilizo karibu na stendi ya Bweri mjini Musoma, au Bunda mjini penye barabara ya kwenda Mwanza, utamkuta fundi asiye na cheti aliyelala juu ya kipande cha boksi, anagonga bushi kwa spana na kusikiliza. Kwa mlio tu atakwambia hii imekwisha, hii bado, na hii ilikaa upande tangu ilikotoka. Madereva wa zamani wa njia ya Sirari walikuwa na desturi ambayo sidhani kama kiwanda chochote kingeifurahia: gari likitoka dukani halijabebeshwa mzigo, lipelekwe kwanza kwa fundi, nati zote zikazwe upya, springi zitazamwe, na kila nati kubwa ipigwe kidoti cha rangi. Kidoti kikihama, nati imegeuka. Viwandani nako nati hupigwa alama kama hiyo, hivyo kiwanda cha Ulaya na gereji ya Bweri vimefika kwenye kidoti kilekile, kila kimoja kwa njia yake.

Lakini tazama tofauti. Cha Datsun kilichovunjika mwaka 1963 kilirudi Japani na kuandikwa. Kinachovunjika Bunda hubadilishwa, dereva akalipa, chuma kikatupwa kwenye rundo, na siku ya pili gari jingine la aina ileile linakuja na jeraha lilelile. Fundi anakumbuka. Daftari halikumbuki, kwa sababu halipo. Maarifa ya miaka 40 ya fundi mmoja wa Musoma yanazikwa naye.

Hapo ndipo naiona kasoro iliyolidhoofisha Nyumbu, na siyo Nyumbu peke yake. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa baya la sura na goigoi. Wahandisi walifanya kazi ya kweli. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa umma. Yalitengenezwa 5 ya majaribio. Shirika la kuyazalisha kwa wingi likaundwa, fedha zikakosekana, na mwishowe shirika lilibadilishwa jina na kugeukia kuchonga vipuri vya mashine. Kibaha nako Nyumbu lilithibitisha kwamba mikono ya Kitanzania inaweza kusuka lori. Uzalishaji mkubwa haukuja. Nchi ikaingia katika miaka ya ukata na masharti ya wakopeshaji, na shirika lililozaliwa kwa dhiki ya vita likaachwa na dhiki ya amani.

Wengi husema tatizo lilikuwa fedha tu. Fedha ni kweli, na asiyekubali hilo hajawahi kuendesha hata mashine ya kusaga. Hata hivyo kutengeneza gari moja na kutengeneza magari elfu ni kazi mbili tofauti kabisa. Gari la kwanza linasukwa na mafundi bora, kila mtu anaangalia, rais anakuja kulikatia utepe. La 700 linaungwa Ijumaa jioni na kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita, na nati zake zinapaswa kukazwa sawasawa na za lile la kwanza. Ubora wa kiwanda hupimwa kwa lile la 700. Sisi hatukufika huko, kwa hiyo hatukupata nafasi ya kukosea kwa mpangilio na kujirekebisha.

Toyota wanayo historia inayotugusa watu wa ukanda wa pamba. Kabla ya magari walikuwa watu wa nguo. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliunda mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kufuma nguo mbovu. Mwaka 1929 haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe Kiichiro akaingia katika magari. Wazo la mashine likahamia kwa mtu: mfanyakazi wa Toyota akiona kasoro anavuta kamba, na mstari mzima unaweza kusimama. Musoma ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Mutex, na Bunda ina vinu vya kuchambulia pamba. Maarifa ya uzi uliokatika hayakuwa mageni hapa. Kilichokosekana ni ruhusa ya mdogo kumsimamisha mkubwa. Katika ofisi na viwanda vyetu vingi, kijana anayesema kazi imeharibika huonekana mkorofi. Anayenyamaza ndiye mwenye nidhamu. Gari haliungwi kwa nidhamu ya namna hiyo.

Sasa Kibaha imeanza kuchangamka tena. Nyumbu bado lipo, na miaka ya karibuni limetajwa kwa magari ya zimamoto. Kiwanda cha GF kinaunganisha hapo malori ya FAW kutoka China kwa vipande vinavyokuja ndani ya makontena. Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa kwa sheria ya 1975, linakagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Safari Rally imerudi katika ubingwa wa dunia tangu 2021, na Toyota imeishinda mara kwa mara, wakati mwingine kwa magari yake manne kushika nafasi zote nne za juu. Hao ni watu waliokuja kwetu kujifunza kuvunjika tangu enzi za Celica.

Mzee Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, akazikwa Butiama, kijiji alikozikwa Mwalimu mwaka 1999. Walioagiza lori la Tanzania wamelala. Ombi langu kwa waliobaki ni dogo na halihitaji mkopo wa nje. Viwanda vinavyounganisha magari Kibaha vipeleke lori moja katika kila toleo likatembee Mara wakati wa masika, likiwa na mzigo, kutoka Lamadi hadi Bunda kwa barabara za pembeni, kisha Nyamuswa, Butiama, hadi Kirumi. VETA Musoma iwape vijana wake daftari, waende gereji za Bweri na Nyasho, waandike kila kinachovunjika: aina ya gari, mwaka, kipande, kilomita. TBS ilisome daftari hilo kila mwaka, na kiwanda kitakachoona jina lake humo mara tatu kwa kipande kilekile kiitwe kujieleza.